Maneno ya Kizee

Shangazi yangu hacheki anapotuchekesha. Mtu akitaka kumjua, aanzie hapo. Anakaa kwenye kigoda chake nyumbani kwake Mungaa, uso umetulia, macho yako kwenye ungo wa mtama, anasema jambo moja kwa Kinyaturu, polepole, halafu anaendelea kupepeta. Wewe ndiye unabaki umeshika mbavu. Ukimtazama ili mcheke wote, anakuuliza kama tumbo linakusumbua.

Siku fisi alipomchukua mbuzi wake, majirani walikuja kumpa pole. Akawaambia, "Pole mpeni fisi. Yule mbuzi alikuwa mifupa mitupu." Jumapili moja mchungaji alihubiri mpaka watoto wakalala kwenye mabenchi na wakubwa wakaanza kusinzia. Shangazi alimsubiri mlangoni, akampa mkono kwa heshima zote: "Leo umefupisha, mchungaji. Au hujisikii vizuri?" Na mchungaji, maskini, akamshukuru kwa kumjali.

Walimu wenzangu huku Singida mjini wanauita utani wa namna hiyo utani mkavu. Kwetu hauna jina, tunasema tu kwamba yule mama ana maneno. Watani wetu wanapokuja msibani wanatania kwa kelele, na hata mgeni anajua kinachoendelea. Wa shangazi ulikuwa hautangazwi. Ilibidi umjue yeye, ujue na mambo ya nyumba yake, ndipo ucheke. Kwa hiyo mtoto aliyecheka mahali panapostahili alikuwa amethibitisha kwamba ni wa humo ndani. Mimi nilikuwa wa humo ndani. Nililelewa kwake tangu darasa la pili mpaka nikamaliza la saba, na hakuna aliyekuwa ananizidi kumwelewa.

Nayaeleza haya yote ili mtu asije akanionea huruma kwa yatakayofuata, akadhani sikuelewa. Nilielewa. Zaidi ya hapo, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha tatu nikiwafundisha kejeli, kwamba ni usemi ambao mtu anasema hivi akiwa na maana ya kinyume chake. Naandika ubaoni, nawapa mifano, nawatungia mtihani. Ukikosea nakukata alama bila huruma.

Basi, shangazi alishitakiwa. Jirani wa upande wa chini alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka mingi, akarudi kurithi shamba la baba yake, akadai kwamba mpaka umesogezwa. Mpaka wenyewe ni mstari wa minyaa, ile miti ya utomvu inayopandwa kuwa ua. Minyaa ya zamani ilikauka mwaka mmoja wa ukame, na shangazi akachomeka mingine palepale ilipokuwa ya kwanza. Jirani akasema hapana, si palepale, mama huyu amekuja huku kwetu hatua thelathini nzima.

Hatua thelathini si kitu ukizitaja mjini. Lakini hicho ndicho kilikuwa kipande cha chini cha shamba lake, chenye udongo mweusi unaoshika maji hadi mwezi wa saba. Hapo ndipo palikuwa na viazi vyake vitamu na mboga, na kisima kifupi alichochimba marehemu mume wake kwa mikono yake. Huko juu ni kichanga na mawe, alizeti inajitahidi kadiri inavyoweza. Kumnyang'anya kipande cha chini ni kumwachia shamba la kuangalia tu.

Nilipanda basi la asubuhi kwenda kumsindikiza kwenye baraza la ardhi la wilaya. Nilikuwa sijakanyaga Mungaa tangu tulipomzika mume wake, miaka miwili na kitu. Sababu ninazo, na hakuna hata moja yenye maana. Nikamkuta nje ya jengo la baraza, amekaa ukutani kwenye kivuli pamoja na watu wa kijiji waliokuja kusikiliza, fimbo ya kutembelea ameilaza mapajani. Nikamsalimia, "Shikamoo shangazi." Akaitikia marahaba. Akanitazama kuanzia miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, vya kahawia, na nilikuwa nimevipiga rangi asubuhi ile.

"Viatu naviona vimefika," akasema. "Mwenyewe anakuja lini?"

Ukuta mzima ulicheka. Mzee mmoja alicheka hadi akashika nguzo. Mimi nikatabasamu kwa meno, lakini ndani nilichemka. Mtu nimeomba ruhusa kazini, nimesafiri kwa ajili yake, halafu ananianika mbele za watu! Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Angekuwa amenigombeza ningeomba msamaha yakaisha. Sasa ningemjibu nini? Nikaingia ndani nimenuna, mtu mzima na nywele nyeupe zimeshaanza kutoka.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mpole, mwenye miwani. Alimwamkia shangazi kabla hajafungua kikao, na nilimpenda kwa hilo. Shangazi anakijua Kiswahili cha sokoni na cha kanisani, kinamtosha kwa chumvi na kwa Mungu, lakini mwenyekiti akamwambia ajieleze kwa lugha anayojisikia huru nayo, maana jambo lenyewe ni zito. Mkalimani aliyezoeleka alikuwa amefiwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu mwingine ambaye pande zote mbili zinamkubali.

Jirani mwenyewe ndiye aliyeninyooshea kidole. "Mwalimu yule pale. Kwao ni hukuhuku na Kiswahili ndiyo kazi yake. Sina pingamizi."

Shangazi naye alisema hana pingamizi. Nikapewa Biblia, nikaapa kutafsiri kwa ukweli, bila kuongeza wala kupunguza. Nikasimama kati ya shangazi na meza, kalamu ya karani ikiwa tayari, na nakiri kwamba nilijisikia mtu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Jina la kijiji, ukubwa wa shamba, walilipataje. Shangazi alijibu kwa ufupi nami nikatafsiri. Kisha mwenyekiti akafika kwenye swali lenyewe. Akasema, "Muulize. Jirani yake anadai kwamba mwaka ule wa ukame, yeye ndiye aliyeusogeza mpaka. Je, ni kweli?"

Nikamuuliza. Akaweka fimbo vizuri. Kisha akasema kwa sauti ileile ya kupepeta mtama:

"Ndiyo, ni mimi. Mwaka ule nilikuwa na mume kitandani wa kumgeuza kila saa, na mbuzi wa kuchunga, na goti hili. Jioni nikishamaliza yote, nilikuwa nakwenda kuusukuma mpaka kidogo kidogo, nisije nikaonekana nakaa bure."

Watu wa nyuma wakacheka. Wote walikuwa Wanyaturu na wote waliuona mwaka ule. Walimwona akimbeba mume wake kumtoa nje apate jua. Na sikilizeni, huo haukuwa mzaha mtupu. Ulikuwa ndio ushahidi wake. Mwaka huo mama huyu hakuwa na nafasi ya kufunga kilemba sawasawa, achilia mbali kung'oa mstari wa minyaa na kuuhamisha. Alikuwa ameiweka kesi yake yote ndani ya maneno hayo machache, kwa namna yake, akanikabidhi mimi niyafikishe mezani.

Mimi nikakisikia kile kicheko, nikawa kama nimerudishwa pale ukutani waliponicheka. Nikaona viatu vyangu. Nikaona mwenyekiti ananisubiri, mtu msomi, na mimi niko hapa naambiwa nimsomee habari za magoti na mbuzi kana kwamba tuko kilabuni. Nikasema:

"Anasema ndiyo. Aliusogeza yeye."

Karani akaandika. Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza, "Na hawa wanacheka nini? Amesema maneno mengi kuliko hayo."

Hapo nilifunguliwa mlango. Mwenyekiti alinifungulia kwa mkono wake mwenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kupita. Nikajibu, "Hakuna kitu mheshimiwa. Ni maneno ya kizee tu."

Mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akasema, "Samahani mheshimiwa, alivyosema siyo hivyo." Mwenyekiti akamwambia kwa adabu kwamba barazani hasemi mtu asiyeitwa, lakini akanigeukia mimi tena. "Mkalimani, una la kuongeza?" Mara ya pili hiyo. Na tazama ubishi wa mwanadamu: kwa kuwa nilishasema hakuna, sikuweza tena kusema kwamba kuna. Ningeonekana nilidanganya. Nikasema sina.

Baraza lilikuwa limepanga kwenda kuliona shamba kwa macho. Wangefika, wangeona visiki vikavu vya minyaa ya zamani vimesimama katikati ya minyaa mipya, na maneno yangeishia hapo. Lakini ukishakiri, waende kuangalia nini? Safari ikafutwa.

Uamuzi uliposomwa, wiki kadhaa baadaye, nilikuwepo. Ulikuwa mfupi. Mdaiwa amekiri mwenyewe. Kipande cha chini, pamoja na kisima, ni cha jirani. Mwenyekiti akaeleza haki ya kukata rufaa na muda wake, kwa kirefu, kwa uso wa mtu ambaye hajaridhika na kazi yake. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Tulipotoka nje akanishika mkono, kwa sababu ya ngazi.

"Unaonaje," akaniuliza, "tukate hiyo rufaa?"

Nataka niseme ukweli wote sasa, kwa kuwa nilishawahi kuupunguza. Nilijua kwamba rufaa ingefungua jalada. Ndani ya jalada kulikuwa na sentensi yangu, na mtu yeyote angeuliza ilikuwaje, na watu waliokaa nyuma wangeitwa, na shule ingesikia, na mji ungesikia, mwalimu wa Kiswahili aliyeapa na Biblia. Nilifikiria hayo yote tukiwa bado kwenye ngazi ya pili. Nikamwambia, "Sidhani kama tutashinda, shangazi. Tutasumbuka bure."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayezijua hizi lugha."

Siku za rufaa zikapita. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ofisi ya walimu, nikiogopa, na zilipoisha nilipumua. Ndiyo, nilipumua. Aibu gani hiyo! Jirani akang'oa minyaa, akaweka uzio wa miti na waya, na lango lenye kufuli upande wa kisima.

Kwa muda mrefu nilijitetea kichwani kwamba kosa ni la lugha. Nilijiambia kwamba Kinyaturu cha shangazi hakiingii kwenye Kiswahili cha ofisi, kwamba utani wake unakaa kwenye uso na kwenye polepole yake, na karani haandiki uso. Nilikaribia kuliandikia makala jambo hili, niitwe kwenye semina nikatoe mada. Upuuzi mtupu. Kiswahili kina nafasi ya kutosha. Ningetafsiri neno kwa neno, mume kitandani, mbuzi, goti, kusukuma mpaka jioni, na yule mwenyekiti angekuwa wa kwanza kucheka. Hata asingecheka, angeuliza. Hakuna lugha iliyoshindwa pale. Niliona haya kuonekana mtu wa kwao, na nilikuwa nimenuniana na bibi wa watu kwa sababu ya viatu.

Nilianza kwenda Mungaa kila mwezi. Nilipeleka sukari, sabuni, shuka. Kila nikifika namkuta ametoka kuchota maji bondeni kwa watu wengine, mwendo wa karibu saa nzima kwenda na kurudi, kwa goti lile. Wala hakubadilika kwangu. Aliendelea na maneno yake. Nilipopeleka blanketi la tatu aliniuliza kama nimesikia kwamba barafu inakuja Ikungi, wilayani kwetu. Nilicheka, na kila nilipocheka nilijisikia mwizi aliyekaribishwa chakula.

Mwisho nikashindwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka jana, anachambua mlenda jikoni. Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia yote. Nilichosema, nilichokiacha, nilivyoulizwa mara mbili. Nikamwambia na ya rufaa. Nililia, sitaficha, nililia mpaka kamasi.

Akaendelea kuchambua majani. Nilipomaliza akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Sikio moja bado linasikia. Na wenzangu walinieleza kabla hatujapanda gari. Walitaka warudi ndani kumwambia yule mzee wa miwani. Nikawakataza. Nikawaambia, mwacheni, atasema mwenyewe."

Sikuweza hata kumtazama.

"Pale kwenye ngazi nilikuuliza rufaa," akasema. "Nilidhani ndiyo utasema pale. Halafu nikahesabu siku. Na wewe ulihesabu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilimwomba msamaha, na alinisamehe. Alinisamehe palepale, kwa maneno ya kawaida, akaniwekea mkono kichwani, akasali sala fupi. Nikamtazama usoni kwa makini nikitafuta kama kuna kitu nyuma ya yale maneno, kama tulivyokuwa tunatafuta utotoni, ndugu zangu nami, tukishindana nani atakiona kwanza. Hakukuwa na kitu. Alimaanisha alichosema, basi.

Kisha akasema, "Sikukuchukia, baba. Ila nimefikiri. Mimi nimezoea kuongea kwa kuzunguka, na wewe imekupa tabu. Nisikupe tena kazi ya kuchagua kipi ubebe na kipi uache."

Nilidhani anatania. Nilingoja nione.

Tangu siku hiyo ananisemesha kwa Kiswahili. Kiswahili chake hichohicho cha sokoni, anakitafuta, anakipanga, anahakikisha nimeelewa. Nikimuuliza hali ananijibu hali. Goti linauma, hasa asubuhi. Alizeti imetoa gunia mbili. Sukari imetosha, asante, Mungu akuzidishie. Nikivaa shati jipya anasema shati ni zuri. Nimemchokoza kila namna. Nilimpelekea blanketi jingine makusudi, katikati ya joto la mwezi wa kumi na moja, nikamkabidhi huku nimekodoa macho. Akalipokea kwa mikono miwili, akaisifu rangi yake.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake, tumekaa nje. Majirani zake wawili wakaingia uani, nao wametoka bondeni kuchota. Walikuwa wamepishana naye njiani, wakamwona anavyopumzika kila baada ya miti michache. Mmoja akamwambia kwa Kinyaturu, pole na maji, mama, kule ni mbali kwako.

Shangazi akajibu kwa Kinyaturu, macho kwenye ungo: "Si mbali. Ndoo inakwenda yenyewe. Mimi naisindikiza tu."

Wale mama wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. Mimi nikacheka nao. Kilinitoka chenyewe, sikukipanga, na kwa dakika ile nilisahau kila kitu.

Shangazi akanigeukia. Akaweka ungo pembeni, akanisogelea kidogo ili nisikie vizuri, akatafuta maneno ya Kiswahili moja moja, kwa upole wa mtu anayemsaidia mgeni.

"Hapo nilikuwa natania, mwalimu," akaniambia. "Ndoo naibeba mwenyewe."